Makaa, Mkojo na Mpira: Barakoa ya Gesi Ilivyozaliwa

Oktoba 1914, mjini New Orleans, hema lilisimamishwa mbele ya umati na kufungwa kila upande. Ndani yake uliwashwa moto wa lami, salfa, fomalini na samadi, moshi ukajaa mpaka ukaanza kupenya kwenye mishono. Mzungu mmoja akawaeleza watu habari za kofia aliyoivumbua, kofia ya kitambaa kizito inayofunika kichwa chote na kuning'iniza mipira miwili mirefu mpaka karibu na ardhi. Kisha akamwita msaidizi wake, "Big Chief Mason", aliyetambulishwa kuwa mwenyeji wa asili kutoka Kanada. Mason akaivaa kofia, akaingia hemani, akakaa humo dakika kama ishirini, akatoka mzima kama alivyoingia.

Katika onyesho lile, vitu vya kweli vilikuwa viwili tu: moshi na kofia. Yule Mzungu alikuwa mwigizaji wa kukodiwa. Mason naye hakuwa mtu wa Kanada. Alikuwa Garrett Morgan, Mmarekani mweusi aliyezaliwa mwaka 1877 huko Paris, Kentucky, katika familia iliyotoka utumwani. Shule yake iliishia darasa la msingi. Alihamia Cleveland, akawa fundi wa cherehani, akafungua duka lake, na kofia ya hemani ilikuwa kazi ya akili yake mwenyewe. Mwezi huohuo wa Oktoba alipewa hataza yake. Lakini Morgan aliijua nchi yake vizuri. Alijua kwamba wakuu wa zimamoto wa majimbo ya kusini wasingenunua kifaa cha kuokoa maisha yao kutoka kwa mtu mweusi, kwa hiyo akamweka Mzungu mbele kuuza, na yeye akaingia motoni.

Ujanja huo ulidumu kama miaka miwili. Usiku wa tarehe 24 Julai 1916, gesi ililipuka ndani ya njia ya maji iliyokuwa ikichimbwa chini ya ziwa Erie, nje ya Cleveland. Waokoaji wa kwanza walishuka, hawakurudi. Wa pili nao vilevile. Mtu mmoja aliyewahi kuziona kofia za Morgan akakumbuka, na fundi huyo akaamshwa usiku wa manane. Husimuliwa kwamba alifika ziwani na nguo zake za kulalia. Yeye, nduguye Frank na watu wengine wachache waliojitolea wakavaa kofia, wakashuka. Walipanda na watu wawili walio hai, kisha wakarudi kutoa maiti. Watu takriban ishirini walikufa katika ajali hiyo.

Medali za ushujaa zilipewa wengine. Morgan alimwandikia meya barua ya kulalamika, isimsaidie. Baya zaidi ni kwamba magazeti yalitangaza sura ya mvumbuzi wa kweli, na baadhi ya miji iliyokuwa imeagiza kofia ikafuta maagizo yake. Bila shaka moto wa miji hiyo haukujali rangi ya fundi, lakini wanunuzi walijali.

Kofia ya Morgan ilitegemea jambo moja jepesi. Moshi wa moto una joto, na chenye joto hupanda. Hewa ya kufaa hubaki chini, karibu na sakafu. Mipira ile miwili iliifuata hewa hiyo hukohuko chini, na kwenye ncha zake palikuwa na sponji lenye maji la kupoza na kunasa masizi. Wapo wanaoandika hadi leo kwamba barakoa za jeshi za Vita Kuu ya Kwanza zilitokana na kofia hii. Hazikutokana nayo, wala hazingeweza. Gesi ya klorini iliyowafuata askari huko Ubelgiji ilikuwa nzito kuliko hewa mara mbili na nusu. Ilitambaa ardhini na kumiminika mahandakini, na mpira unaovuta hewa ya chini ungemletea askari sumu tupu.

Waliozijua tabia hizi za hewa kabla ya wanajeshi ni watu wa migodini. Pliny, mwandishi wa Kirumi aliyekufa mwaka 79, alitaja wafanyakazi wa madini mekundu yenye zebaki waliojifunika nyuso kwa vibofu vya wanyama ili wasivute vumbi lake. Mwishoni mwa karne ya 18, Mjerumani Alexander von Humboldt, ambaye kabla ya kuwa msafiri mashuhuri alikuwa ofisa wa migodi huko Prussia, alibuni kifaa cha kupumulia kwa ajili ya wachimbaji. Wachimbaji wenyewe walizitofautisha hewa mbaya kwa namna zinavyoua. Iko inayolipuka. Iko inayolala chini na kuzima taa, kisha kumzima mwenye taa. Na iko ile inayobaki baada ya mlipuko, ambayo haina harufu wala rangi.

Hii ya pili wakazi wa Goma, mashariki mwa Kongo, wanaifahamu bila kushuka mgodini. Ni mazuku, hewa ukaa inayopenya kutoka ardhini katika nchi ya volkeno ya Nyiragongo na kutuama kwenye mabonde na mashimo. Ni nzito kuliko hewa ya kawaida mara moja na nusu, kwa hiyo mtu mzima aliyesimama anaweza kuwa anapumua salama ilhali mbuzi au mtoto aliye karibu naye anaanguka. Kwa mazuku, barakoa ya kichujio haifai kitu. Kichujio huondoa sumu katika hewa. Hakiwezi kuleta oksijeni mahali ambapo haipo.

Ile ya tatu ilimpata mtaalamu wake katika John Scott Haldane, Mskoti aliyezaliwa Edinburgh mwaka 1860. Mnamo Januari 1896 mgodi wa makaa ya mawe wa Tylorstown, kusini mwa Wales, ulilipuka na kuua wachimbaji 57. Watu walidhani wameuawa na moto na kishindo. Haldane alishuka, akazitazama maiti, akakuta nyingi zina rangi nyekundu ya kupendeza mashavuni, kana kwamba wenyewe wamelala tu baada ya kazi. Rangi hiyo ni alama ya kaboni monoksidi, gesi inayoshikana na damu na kuizuia isibebe oksijeni. Wengi wao walikuwa wamepona mlipuko, wakafa wakitafuta njia ya kutoka.

Haldane alikuwa na desturi moja iliyowatisha wenzake: kila gesi aliyotaka kuielewa aliivuta yeye mwenyewe kwanza. Aliketi maabara akivuta kaboni monoksidi huku akiandika anavyojisikia, mpaka miguu ikakataa kumbeba. Alikuwa pia na panya kando yake, akaona kwamba mnyama mdogo, kwa kuwa anapumua haraka, huzidiwa mapema kuliko mtu. Hapo likazaliwa wazo la kushuka mgodini na ndege wa kanari ndani ya kizimba: ndege akianguka, wachimbaji wana dakika chache za kuondoka. Migodi ya Uingereza iliendelea kuwatumia ndege hao hadi mwaka 1986.

Mahali pasipo na hewa kabisa palihitaji kifaa cha namna nyingine, yaani mtu abebe hewa yake mgongoni. Mwingereza Henry Fleuss alitengeneza kifaa kama hicho mwaka 1878, na kampuni ya Dräger ya mjini Lübeck, Ujerumani, ikaja kuvitengeneza vya kuuzwa duniani. Tarehe 10 Machi 1906 mgodi wa Courrières, kaskazini mwa Ufaransa, ulilipuka na kuua watu 1,099. Wajerumani walituma waokoaji wao wenye mitungi ya oksijeni, wakavuka mpaka kwenda kuwasaidia Wafaransa, miaka minane tu kabla ya mataifa hayo mawili kuanza kuuana. Huko Marekani na Kanada waokoaji wa migodini walibaki wakiitwa kwa jina la kampuni hiyo ya Lübeck.

Kwa hiyo vita vilipoanza, maarifa ya kumkinga mtu na gesi yalikuwepo. Aliyekosekana ni mtu wa kudhani kwamba askari atayahitaji.

Aprili 1915, karibu na mji wa Ypres nchini Ubelgiji, Wajerumani walifukia mitungi 5,730 ya klorini mbele ya mahandaki yao, kisha wakasubiri upepo. Kazi hiyo ilisimamiwa na Fritz Haber, mkemia aliyekuwa tayari mashuhuri kwa kugundua njia ya kutengeneza amonia kutoka katika hewa, njia ambayo mbolea nyingi duniani inaitegemea hadi leo. Walisubiri siku nyingi. Tarehe 22 Aprili, saa 11 jioni, upepo ukageuka vizuri na vali zikafunguliwa. Zaidi ya tani 150 za klorini zikatoka kama wingu la manjano na kijani, refu kama kilomita sita, likasogea taratibu juu ya nyasi.

Waliokuwa upande wa pili ni askari wa jeshi la Ufaransa, wengi wao Waafrika wa Algeria, na kando yao Wafaransa wa umri mkubwa waliopewa kazi ya ulinzi. Klorini ikikutana na maji hugeuka asidi, na mapafu ya mtu yana unyevu kila mahali. Mapafu hujaa majimaji yake yenyewe, mtu akazama akiwa nchi kavu. Waliobaki handakini walikufa humo, kwa sababu gesi ilimiminika chini kuwafuata. Waliokimbia walikimbia pamoja nayo, kwa mwendo wake, wakiivuta njia nzima. Waliookoka zaidi ni wale walioweza kusimama mahali pa juu na kuliacha wingu lipite. Ukuta wa Wafaransa ukapata pengo la kilomita kadhaa, na Wajerumani wenyewe hawakulitumia ipasavyo. Hawakuwa na askari wa akiba wa kutosha, na walioamriwa kusonga mbele waliogopa kulikanyaga wingu lao wenyewe.

Siku mbili baadaye zamu iliwafikia Wakanada. Hapo ndipo ilipopatikana barakoa ya kwanza ya vita hivyo: kitambaa kilicholowanishwa mkojo. Maofisa waliojua kemia walikwisha kuitambua harufu ya klorini, wakaagiza kila mtu akojolee leso au soksi yake na kujifunga puani na mdomoni. Si jambo la kucheka. Klorini huyeyuka katika maji na hushikana na kemikali zilizomo katika mkojo, na handaki la mstari wa mbele halikuwa na dawa nyingine ya haraka.

Lord Kitchener, waziri wa vita wa Uingereza, alimtuma Haldane Ufaransa mara moja. Mzee akaithibitisha gesi. Lakini kabla hajamaliza kazi, gazeti la Daily Mail likawaomba wanawake wa Uingereza washone vibandiko vya pamba ya hospitali na kuvituma vitani. Katika siku chache wakashona makumi ya maelfu. Nia ilikuwa njema na matokeo yalikuwa mabaya, kwa kuwa pamba kavu haizuii klorini, na ikilowa haipitishi hewa. Askari alichagua kufa kwa gesi au kufa kwa pamba. Haldane alikasirika sana. Yeye, mwanawe J.B.S. na wenzao walijifungia kwa zamu katika chumba kilichojazwa klorini ili kupima kipi kinazuia na kipi hakizuii, wakitoka na kukohoa, kisha kurudi.

Kilichofuata kilikuwa mashindano ya mwaka mzima. Kwanza zilikuja shashi nyeusi, za aina ya utaji wa wafiwa wa Ulaya, zikiwa zimefungwa pamba chakavu iliyochovywa katika magadi, gliserini na dawa ya wapiga picha waliyoiita hipo. Gliserini ilikuwa ya kuzuia pamba isikauke. Kisha daktari wa kikosi cha Newfoundland, Cluny Macpherson, akapendekeza mfuko mzima wa sufu wa kuvaliwa kichwani, uliolowekwa dawa zilezile, wenye kidirisha cha kuonea, na ncha zake zikachomekwa ndani ya koti. Uingereza ikashona zaidi ya milioni mbili. Mtu aliyeuvaa alifanana na jini wa hadithi, jasho likachanganyika na dawa na kumwingia machoni, lakini alipumua.

Upande wa pili haukulala. Haber alikwisha kuhamia kwenye fosijini, gesi isiyo na rangi, yenye harufu hafifu ya nyasi kavu zilizovunda. Aliyeivuta huweza kukohoa kidogo, akala chakula chake cha jioni, akafa kesho yake. Ilipotumwa pamoja na klorini huko Wieltje, karibu na Ypres, tarehe 19 Desemba 1915, Waingereza walikuwa wamepashwa habari na mifuko yao ilikuwa imeongezwa dawa nyingine. Ilipofika Januari 1916 iliongezwa tena, safari hii heksamini, wazo lililotoka Urusi.

Mifuko hiyo ilikuwa na udhaifu usiotibika. Kila sumu mpya ilihitaji dawa mpya, na kitambaa kina kikomo cha dawa kinayoweza kunywa.

Jibu lilitoka jikoni, au tuseme kwenye kiwanda cha pombe. Mkemia wa Kirusi Nikolai Zelinsky alifahamu kwamba makaa ya miti yalikuwa yakitumika kusafisha pombe kali. Makaa yale hayachagui: hunasa uchafu wa namna nyingi, uwe wa jina lolote. Baada ya Warusi kushambuliwa kwa klorini karibu na Warsaw, tarehe 31 Mei 1915, na kupoteza maelfu ya watu kwa siku moja, alianza kupima kama makaa yatanasa na gesi. Yalinasa, hasa yakichomwa upya kwa namna ya kuyafungua vinyweleo. Mhandisi Kummant wa kiwanda cha mpira cha Petrograd akamtengenezea kofia ya mpira inayobana uso, kopo la makaa likaning'inia chini yake. Mamilioni ya askari wa Kirusi waliivaa.

Siri ya makaa iko katika matundu yake. Kipande kimoja kimejaa vijia vidogo visivyoonekana kwa macho, na kuta za vijia hivyo zikinyooshwa zote, gramu moja huwa na eneo linaloweza kuzidi mita za mraba 500. Gramu kumi na tano ni uwanja mzima wa mpira wa miguu, ndani ya kopo. Gesi inapopita humo hushikwa na kubaki kwenye kuta. Mskoti John Stenhouse alikwisha kutengeneza barakoa ya makaa mwaka 1854, kwa ajili ya watu wa maabara na wa mifereji ya maji machafu, na jeshi lake lilihitaji miaka sitini na vita vizima kumkumbuka.

Waingereza walifika hapohapo kwa njia yao. Edward Harrison, mwanafamasia mwenye umri wa miaka arobaini na kitu, aliyejiunga na jeshi kama askari wa kawaida, aliongoza kikundi kilichopanga makaa na chembechembe za dawa tabaka kwa tabaka ndani ya kopo. Kopo lilikaa kwenye mkoba kifuani na kuunganishwa na uso kwa mpira. Kikapatikana kifaa kilichoanza kugawiwa askari mwaka 1916, nacho kikazuia karibu kila kilichorushwa kupitia hewa. Harrison alikuwa akijijaribia gesi mwenyewe, kama Haldane. Mapafu yake yaliharibika, na homa ya mapafu ikamuua tarehe 4 Novemba 1918, wiki moja kabla ya vita kusimama.

Ujerumani nayo ilikuwa na mtu wa namna hiyo. Haber alimwomba rafiki yake Richard Willstätter, mshindi wa Tuzo ya Nobel ya kemia ya mwaka 1915, ashiriki kazi ya gesi. Willstätter alikataa kugusa sumu, lakini akakubali kutengeneza kinga, na kichujio chake cha tabaka tatu kikafungwa kwenye mamilioni ya barakoa za Kijerumani. Alipewa nishani ya Msalaba wa Chuma. Alikuwa Myahudi, na mwaka 1939 alilazimika kuikimbia Ujerumani akaishia Uswisi. Haber, mwenye asili ya Kiyahudi pia, alikuwa ameondoka miaka sita kabla yake.

Wamarekani walipoingia vitani walihitaji makaa kwa wingi, na wataalamu wao wakagundua jambo ambalo mtu wa pwani ya Afrika Mashariki angeweza kulikisia: mti laini hutoa makaa laini, na makaa bora kuliko yote hutoka katika kifuu cha nazi. Kifuu ni kigumu, kimeshikamana, na kikichomwa hubaki na matundu madogo yanayolingana kabisa na kazi ya kunasa gesi. Lakini vifuu vilikuwa mbali na meli zilikuwa chache. Mwaka 1918 mapipa yakawekwa barabarani katika miji ya Marekani, wananchi wakaombwa watumbukize kokwa za pichi na maganda ya njugu ngumu, nayo yakaenda tanuruni. Hadi leo makaa ya vifuu ndiyo yanayosifiwa katika vichujio, vya barakoa na vya maji ya kunywa pia.

Kufikia katikati ya mwaka 1917 barakoa ilikuwa imeshinda. Ndiyo maana usiku wa kuamkia tarehe 13 Julai 1917, tena Ypres, Wajerumani walirusha kitu ambacho hakikuhitaji pua ya mtu. Gesi ya haradali si gesi hasa. Ni mafuta yanayoning'inia hewani kama umande na kushika nguo, udongo na ngozi. Saa kadhaa baadaye ngozi huvimba malengelenge na macho hufumba. Barakoa iliokoa macho na mapafu, lakini askari alikuwa na mikono, shingo na mapaja. Takwimu zinazotajwa mara nyingi ni za watu milioni 1.3 waliodhurika kwa gesi katika vita hivyo, na wapata 90,000 waliokufa, zaidi ya nusu yao wakiwa Warusi.

Tarehe 17 Juni 1925, mataifa yalitia saini Geneva mkataba wa kukataza matumizi ya gesi vitani. Italia iliuridhia mwaka 1928. Oktoba 1935 majeshi ya Mussolini yaliivamia Ethiopia, na kabla mwaka haujaisha ndege zake zilikuwa zikidondosha gesi ya haradali.

Katika kingo za mto Takkaze, Desemba ile, wapiganaji wa Ras Imru waliona mapipa yakianguka kutoka angani bila kulipuka kama mabomu waliyoyazoea. Yalipasuka na kumwaga maji yasiyo na rangi. Waliorushiwa wakaanza kupiga kelele wakishika mikono na nyuso zao, na baadhi, kwa maumivu, wakakimbilia mtoni kunywa. Majuma machache baadaye Waitalia waliacha mapipa wakaanza kunyunyiza kutoka ndani ya ndege, kundi baada ya kundi, mvua nyembamba iliyoshukia askari, wanawake, ng'ombe, mashamba na visima. Wengi wa wapiganaji wa Ethiopia walikwenda vitani pekupeku. Nyasi zilizolowa sumu ziliwaunguza nyayo kwanza.

Barakoa zilikuwa chache mno. Addis Ababa, wanawake wa mji, wakiwemo wa ukoo wa mfalme, walishona za kitambaa cha sufu, zinazofanana na zile za kwanza za Waingereza, miaka ishirini baada ya Ulaya kuzitupa. Dhidi ya haradali zilikuwa kazi bure, na hata barakoa bora ya wakati ule isingemkinga mtu asiye na viatu. Marcel Junod, daktari wa Uswisi aliyetumwa na Msalaba Mwekundu, alikuta mamia ya majeruhi wa gesi wamelala nje huko Korem wakiomba msaada, naye hakuwa na dawa. Tarehe 30 Juni 1936 Haile Selassie alisimama Geneva mbele ya Shirikisho la Mataifa kuyaeleza hayo. Waandishi wa habari wa Kiitalia wakampigia miluzi mpaka wakatolewa ukumbini. Italia haikukiri rasmi kwamba ilitumia gesi hadi mwaka 1996.

Hata baada ya Addis Ababa kutekwa haikuisha. Aprili 1939 mamia ya watu, wapiganaji pamoja na familia zao, walikuwa wamejificha katika pango la Zeret, kaskazini mwa mji mkuu. Waitalia waliingiza gesi pangoni. Pango ni handaki, na gesi nzito hufanya humo kile ilichofanya Ypres. Waliotoka wakajisalimisha, wanaume wengi wakapigwa risasi.

Ulaya ilisoma habari za Ethiopia na kuingiwa na hofu kwa ajili yake yenyewe. Wakati wa msukosuko wa Munich, Septemba 1938, serikali ya Uingereza ilikuwa na barakoa zipatazo milioni 38 za kugawia raia, na watu wakapanga foleni shuleni na kwenye kumbi kupimwa nyuso. Wadogo walipewa za rangi nyekundu na buluu, zilizoitwa kwa jina la Mickey Mouse ili wasiziogope. Watoto wachanga waliingizwa nusu mwili katika mfuko wenye kioo, na mama akawapampia hewa kwa mkono. Kila mtu alibeba yake kwenye boksi dogo la karatasi ngumu lenye kamba. Mabomu yalianguka London usiku baada ya usiku, lakini gesi haikuja. Kila upande ulijua kwamba mwenzake anayo.

Waliodhurika ni wale waliotengeneza barakoa hizo. Kunasa moshi wa sumu, ambao chembe zake hupita kwenye makaa bila kunaswa, kulihitaji tabaka la nyuzi nyembamba, na nyuzi zilizochaguliwa kwa makopo mengi zilikuwa za asbesto. Zile za jeshi zilikuwa na asbesto ya buluu, kali kuliko zote. Katika viwanda vya Nottingham na Lancashire, wasichana wa kati ya miaka kumi na sita na ishirini walikaa kwenye mabenchi wakijaza makopo, vumbi likiwatua kwenye nywele na mikono. Ugonjwa unaotokana nayo, saratani ya utando wa mapafu, huchukua miaka ishirini, thelathini, hata arobaini kujitokeza, kwa hiyo walipoanza kufa walikuwa wameshazaa na kusahau kazi ile ya vitani. Madaktari waliowafuatilia walikuta idadi ya vifo isiyo ya kawaida hata kidogo kwa kundi dogo kama lile. Mwaka 2014 shule za Uingereza zilitahadharishwa kwamba walimu wa historia wasiwavalishe watoto barakoa halisi za Vita Kuu zote mbili, wala kuwaachia wazichezee, kwa kuwa nyingi kati yake bado zina asbesto ndani ya vichujio.